Mimi nikinyamaza ni heshima, mjukuu wangu akinyamaza ni shetani

Jina langu lificheni, lakini hasira yangu iacheni ionekane. Nina miaka sabini na tisa, naishi Nyakarenzo, karibu na mji wa Kamembe, Rwanda. Moyo wangu umechoka, na daktari hakunidanganya: sina muda mrefu. Nilisoma ng'ambo ya mpaka, Bukavu, hadi chuo kikuu, nikachagua kazi ya maabara kwa sababu hadubini haikuulizi kitu.

Nawaogopa watu, tangu utotoni. Siku ya kuondoa matanga ya mke wangu nilipaswa kusimama niwashukuru waliokuja. Nilijificha kwenye migomba nikitapika, mpaka wakwe zangu wakaondoka wakisema sikumpenda. Sikumwambia mtu ukweli.

Sasa mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na tisa, ana hofu ileile. Yeye alipata bahati: muuguzi wa magonjwa ya akili alimwambia huo ni ugonjwa na unatibika. Alimfundisha kuikabili hofu kidogo kidogo. Kwanza amsalimie muuza nyanya mmoja wa Kamembe, asikimbie mpaka moyo utulie. Akizoea, aulize bei. Siku moja alirudi na nyanya nusu zimeoza, anacheka, akiniita Koko, yaani babu: "Koko, bananiibia, lakini nimesema!"

Baba yake, mwanangu wa kumzaa, ameharibu yote. Jumapili iliyopita alimvuta mbele ya waumini kanisani, akamshikisha mikrofoni ashuhudie. Mtoto akajikojolea. Nao wanakwaya wakapandisha wimbo, wakidhani ni pepo! Tangu hapo hatoki chumbani, na kwa muuguzi amekatazwa kwenda.

Nilimwita mwanangu nikamwambia hata mimi naugua hivyohivyo. Alicheka.

"Papa, wewe? Wewe ni muntu mukubwa, unanyamazaka kwa heshima. Ule mutoto iko na roho muchafu. Unamutetea tu."

"Heshima gani, mpumbavu wewe?"

"Basi, useme ile mbele ya bazee ba kanisa. Nitaamini."

Wazee hao wanakuja kwangu Jumamosi, kuamua kama wamfungie mjukuu wangu kwenye chumba cha maombi bila chakula. Nikiandika barua, mwanangu atasema msichana ndiye aliyeniandikia. Lazima kinywa changu kiseme, na najua nikiwaona wamekaa sebuleni ulimi utakauka.

Ninyi mnaoishi na hofu hii, nishaurini kabla ya Jumamosi: mtu aliyenyamaza maisha yake yote huianzaje sentensi ya kwanza?