Mti Uliokuwa na Mzazi Ndani

Ipo asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo kwa miaka mingi sikuisimulia kwenye kikao chochote cha akina mama, kwa aibu tu. Sasa nimezeeka, na naona heri uisikie kutoka kinywani mwangu kuliko uambiwe na majirani zetu wa hapa Mhezi, maana wao wataongeza chumvi.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimeolewa hapa kutoka Suji, na mtoto wangu wa kwanza, Elieza, alikuwa na miezi mitano. Mume wangu, Mbonea, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko chini tambarare, akipanda mlimani mara moja kwa mwezi. Nyumbani tulibaki mimi na mama yake, ambaye kila mtu alimwita Mama Mbonea. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na mikono isiyotulia. Nilipojifungua, kwa miezi mitatu hakuniruhusu nishike jembe wala nichote maji. Aliniletea uji wa ulezi kitandani alfajiri, makande mchana, mtori jioni, na nikibakiza alisimama mlangoni mpaka nimalize. Nilinenepa mpaka dada zangu wakanicheka.

Sasa, kwenye mpaka wa shamba letu la maharage palikuwa na mti mmoja wa mkulo, mkubwa kiasi kwamba watu watatu wakishikana mikono wasingeuzunguka. Ulikuwa mzee, na juu kabisa ulikuwa na pango. Mimi sikuona uzee wake wala pango lake. Niliona kivuli. Maharage yaliyokuwa chini yake yalirefuka kama kamba yakazaa maganda matupu, na kila nilipoyapalilia niliuchukia mti ule kama unavyomchukia mtu anayekusimamia mbele ya jiko.

Kabla ya mvua za vuli, Mama Mbonea alipata habari kwamba binti yake wa Same anaumwa. Alifunga mzigo wake, akasimama uani akaniambia, “Mama Elieza, ule mkulo usiuguse mpaka nirudi. Tutazungumza.”

“Sawa, Mama,” nikajibu. Sikumwuliza kwa nini. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Msichana mwenye akili zake angeuliza.

Siku ya nne wakapita wapasua mbao wawili, Zakaria na mdogo wake, na msumeno wao mrefu begani. Nikawaita. Tukakubaliana wachukue sehemu ya mbao kama ujira wao, nami nibaki na mbao za kutengenezea mlango wa jiko. Zakaria akauzunguka mti, akautazama juu, akanitazama mimi.

“Mama mkwe wako anajua?”

“Anajua,” nikasema.

Nilisema uongo huo nikiwa nimembeba Elieza mgongoni, na hata sauti haikutetemeka.

Walianza asubuhi ya siku iliyofuata. Tangu walipoanza, kulikuwa na hondohondo mmoja dume aliyezunguka juu yetu akilia. Unamjua hondohondo wa msitu wetu: mweusi, mweupe tumboni, na lile domo kubwa lenye kofia juu yake, akiruka, mbawa zake zinavuma kama mtu anayepepeta mahindi. Nilikuwa nimezoea kumwona pale kila siku akija na kuondoka. Nilidhani anapenda tu kupumzika mahali pazuri. Nikamwambia Zakaria, “Huyu naye atafute mti mwingine.” Tukacheka.

Mti haukuanguka kwa kishindo. Uliegemea mti wa jirani, ukalalamika kwa muda, kisha ukateleza taratibu mpaka chini. Vumbi lilipotulia tukasikia sauti ndani ya gogo. Nilisogea. Mlango wa lile pango ulikuwa umezibwa kwa udongo mkavu, kama ukuta wa nyumba, ukabaki ufa mwembamba. Na sasa ukuta wenyewe ulikuwa umepasuka. Ndani alikuwamo hondohondo jike. Manyoya ya mbawa na ya mkia yalikuwa yamemtoka, asingeweza kuruka hata hatua moja. Chini yake palikuwa na yai lililovunjika na kifaranga mmoja asiye na unyoya, macho hayajafunguka. Niliponyoosha mkono akaning’ata kidole mpaka damu ikatoka. Hakukimbia. Alijitandaza tu juu ya mtoto wake.

Mwanangu, nilikifunga kidole kwa kitambaa. Nilikaa chini pale pale kwenye maranda.

Na kama vile Mungu amepanga, mchana ule ule Mama Mbonea akashuka kwenye lori lililotoka Same. Aliuona uwazi angani kabla hajafika nyumbani. Alikuja shambani moja kwa moja na mzigo wake kichwani. Nikapiga goti.

“Shikamoo, Mama.”

Hakuitikia marahaba. Alitua mzigo, akainama, akachungulia ndani ya gogo kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, polepole kama mtu anayemfundisha mtoto:

“Ulipokuwa mzazi ndani ya nyumba ile, uji alikuletea nani?”

“Wewe, Mama.”

“Huyu mama naye ni mzazi. Kajifungia mwenyewe, kajivua hata mbawa, kwa sababu anamwamini mumewe atamletea chakula. Nilitaka amalize uzazi wake, atoke, ndipo mimi na wewe tuzungumze habari ya kivuli cha maharage.”

Nilianza kulia. Akanikatiza.

“Utalia baadaye. Zakaria, msumeno huo bado una meno?”

Zakaria akasema unayo. Mama Mbonea akawaamuru wakate kipande cha gogo chenye pango, chini na juu, taratibu, huku mimi nimeziba mlango kwa kanga yangu ili ndege asitoke. Kisha akawaita majirani wanaume. Walikuja sita, wengine wakinong’ona kwamba bibi kapotewa na akili. Kwa kamba za katani ambazo mume wangu alizileta kutoka kwenye mkonge, walilipandisha lile gogo kwenye panda ya mkuyu uliokuwa hatua chache kutoka pale, wakalifunga wima. Jua lilikuwa linazama walipomaliza. Mama Mbonea akanipa bakuli la udongo alioukanda mwenyewe.

“Nyumba umeibomoa wewe. Panda uikandike.”

Nikapanda, mwanangu, mimi mama wa mtoto anayenyonya. Nikakandika mlango ule kwa mkono uliofungwa kitambaa, nikaacha ufa wa vidole vitatu. Na yule jike, kwa ndani, akaanza kuulainisha udongo kwa domo lake, kana kwamba kazi yangu haimridhishi.

Lakini dume hakuja. Kesho yake nilimwona. Alikuja na tini kooni, akatua kwenye kisiki cha mkulo, akazitapika moja moja mbele ya hewa tupu, akalia, akaondoka. Akarudi tena mchana. Akatua pale pale. Sijawahi kuona kitu kilichoniuma kama kile, na nimezika watu wengi. Nilitafuta tini, nikazichomeka kwenye ncha ya ufito, nikamnyooshea jike. Alizipokea na kuzitupa nje.

Siku ya tatu nilikuwa nimesimama chini ya mkuyu na Mama Mbonea. Dume alikuwa kwenye kisiki. Ndipo jike akalia kutoka ndani ya gogo, kilio kikavu cha kiumbe mwenye njaa. Dume akanyamaza. Akageuza kichwa upande mmoja, akakigeuza upande wa pili. Akaruka mpaka kwenye mkuyu, akaligonga gogo mara mbili kwa domo lake, na ncha ya domo la mkewe ikatokeza kwenye ufa. Akamlisha. Tini ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikashindwa kuendelea kuhesabu kwa machozi.

“Marahaba, mwanangu,” Mama Mbonea akasema. Ile shikamoo ya juzi ndiyo kwanza anaipokea! Nikacheka na kulia pamoja, na yeye akanifuta pua kwa pindo la kanga yake kama mtoto.

Ningependa kukwambia kila kitu kilikwenda vizuri baada ya hapo. Hakikwenda. Baada ya majuma mawili tulimkuta yule kifaranga chini ya mkuyu, amekufa, mama yake amemsukuma nje kwa ule ufa. Labda aliumia siku ya mti kuanguka, labda zile siku mbili za njaa zilimzidi. Mama yake alibaki ndani mpaka manyoya yakaota upya, kisha asubuhi moja akaubomoa udongo wangu, akatoka, wakaruka wote wawili kuelekea msitu wa Chome. Mwaka uliofuata nilisubiri. Hawakurudi, wala wengine hawajaja kuzaa kwenye mteremko huu mpaka leo. Maharage yalistawi, ndiyo, misimu michache. Halafu mvua ikabeba udongo kwa sababu hapakuwa na mizizi ya kuushika.

Mama Mbonea hakunisema tena. Alinichukua tu mpaka mahali dume alipokuwa akipumzika, akanionyesha miche iliyoota chini, ya miti ya aina nyingi. “Huyu ndiye mkulima wa msitu,” akaniambia. “Anakula, anapanda.” Tuliihamisha miche ile, yeye na mimi, tukaipanda kuzunguka kisiki. Mingi ipo hadi leo na ni mirefu. Lakini hakuna hata mmoja wenye pango. Mti kuwa na pango la kumtosha hondohondo kunataka umri mrefu kuliko niliopewa mimi, na kuliko aliopewa yeye.

Basi nikuase, mwanangu, wewe ambaye siku hizi msumeno wako una injini na kazi ya asubuhi nzima unaimaliza kabla chai haijapoa. Usiukate mti mzee kabla hujautazama kwa msimu mzima, ukajua nani anaingia na nani anatoka. Hata mti uliokauka ukisimama, uache. Wenye pango ndio wenye wapangaji. Manati wanyang’anye wadogo zako, na anayekuja kutafuta makinda ya kwenda kuuza mjini mrudishe alikotoka, kwa adabu, lakini mrudishe. Bondeni kwenye chemchemi usilime mpaka kwenye maji. Ukiambiwa na mkubwa wako ngoja, ngoja. Na kama huelewi, uliza, kwani wazee nasi tuna kosa la kutoa amri bila kueleza sababu. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usijifiche ndani ukilia. Waite watu, tafuta kamba, kanda udongo. Hutarudisha kila kitu, lakini yupo mmoja atakayepona kwa sababu uliharakisha.

Mungu aliyewapa ndege msitu na akatupa sisi macho ya kuwaona akutunze wewe na nyumba yako. Ukiwa mgonjwa au mzazi, asikose mtu wa kukuletea uji. Watoto wako wasiujue mlima ulionyamaza. Na akujalie miaka mingi, mwanangu, mingi kuliko yangu, hadi uone mti ulioupanda kwa mkono wako umepata mwenyeji.