Barafu kwenye Pamba ya Mama

Mke wangu nilimtoa kwenye theluji. Nilikwenda kwao kusomea mitambo ya kuchambua pamba, nikarudi Bariadi na cheti na mke, na mama yangu cheti hata hakukitazama.

Mengi aliyazoea upesi: michembe yetu ya viazi vitamu vilivyokaushwa, vumbi, salamu zetu zisizoisha. Krismasi ndiyo iliyomshinda. Kwao sikukuu ni theluji mlangoni na giza linaloingia alasiri. Huku Desemba ni jembe na jasho. Mwaka wa kwanza alijifungia chumbani akalia. Wa pili akalia mezani mbele ya wageni. Wa tatu ulipokaribia aliniambia taratibu, "Nikilia na mwaka huu, nitarudi kwetu. Siwezi kuwaharibia sikukuu kila mwaka."

Nikahaha. Soko huria lilikuwa limeshaingia, na maduka ya Bariadi, ambayo ujanani mwangu yalikuwa na rafu tupu, sasa yaliuza hata mti wa Krismasi wa plastiki wenye theluji ya rangi. Nikaununua, nikaubeba kifua mbele. Aliugusa, akacheka kidogo, akaenda zake jikoni. Nilitamani kuuchoma moto.

Siku yenyewe tulitoka kanisani tukaenda kwa mama, nje kidogo ya mji. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kufika hadi vijijini, kwa hiyo mama alikuwa amelima pamba nyingi kuliko miaka yote, karibu iguse mlango wa jiko. Ilikuwa imeota vizuri mno. Wali ulikuwa umeshapakuliwa mawingu yalipotanda, ikashuka mvua ya mawe.

Mke wangu akatoka mbio, peku, na gauni lake la kanisani. Alikinga mikono, akatia vipande vya barafu mdomoni, akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Nyuma yake miche ya pamba ilikuwa inachanika. Kaka yangu akafungua kinywa amkemee. Mama akamshika mkono.

"Mwache. Mvua hii hakuileta yeye."

Kisha akachukua beseni, akatoka mwenyewe kwenye mvua, akalikinga mpaka likajaa nusu, akampa. "Chukua, mwanangu. Hivi ni vya kwenu." Nilimpenda mno mama siku ile.

Mvua ilipokata, mke wangu aligeuka na beseni lake, ndipo akaliona shamba. Akalia. Lakini alilia akiwa amemshika mama, akirudia, "Mayu, mayu," kama sisi tunavyomwita. Kesho yake alfajiri niliwakuta shambani, wawili hao wameshaanza kupanda upya na wanabishana kuhusu mistari. Habari za kurudi kwao hakuna aliyezigusa, na mimi sikuwa mjinga wa kuuliza.

Krismasi iliyofuata tulikuwa tena mezani kwa mama, na mawingu yakajikusanya meusi vilevile. Mke wangu akasukuma sahani, akatoka mbio. Nikatabasamu, nikachukua beseni, nikamfuata. Nilimkuta amesimama ukingoni mwa shamba, kanga ameikumbatia kifuani, anayatazama mawingu kwa hofu.

"Rudisha hilo ndani," akaniambia kwa ukali. "Huoni pamba yetu bado changa?"