Faili Kumi na Nne za Zahanati ya Notburga

Ignatio Ndunguru alikuwa na mazoea ya kuhesabu skrubu. Mteja akimletea kompyuta, alizifungua skrubu zote mbele yake, akazipanga mezani na kuzihesabu kwa sauti, na siku ya kuirudisha akazihesabu tena, mteja akiwa amesimama pale pale. Hakuna aliyewahi kumshtaki kwa skrubu. Ila yeye aliamini kwamba ipo siku, na siku hiyo itamkuta tayari. Ndivyo alivyo hadi leo, na pale Mbinga watu wamemcheka mpaka wamechoka.

Alizaliwa Kigonsera tarehe thelathini na moja Julai, sikukuu ya Mtakatifu Ignatio, na jina akalikuta linamsubiri. Desturi ya kwao ni hiyo: mtoto huchukua mtakatifu wa siku aliyozaliwa, wazazi hawana haja ya kuumiza kichwa. Baba yake alilima kahawa, akamsomesha kwa kahawa hiyo hiyo, na kijana akaenda Dar es Salaam kujifunza kompyuta. Aliporudi alifungua kibanda karibu na soko la Mbinga, na hajahama tangu hapo.

Kazi zake si za kutangazwa redioni. Shule fulani seva yao imegoma kuwaka kwa sababu programu nyingine imeshakalia mlango wake wa mawasiliano, Ignatio anaiondoa. Ofisi fulani wamesahau neno la siri la kanzidata, lile ghala la kumbukumbu zao zote, na kila mmoja anaapa si yeye aliyelibadilisha, Ignatio analifungua. Duka la dawa linataka programu mpya na intaneti ya pale inakwenda kwa kusuasua; Ignatio anafika nayo kwenye flashi mfukoni.

Katika kazi hizo zote kuna sentensi moja aliyoisikia kuliko salamu: "Mimi sijagusa kitu." Hakuwahi kuiamini hata mara moja. Alikuwa na daftari dogo lenye jalada jeusi, na mtu akifungua mdomo Ignatio aliandika maneno yake, tarehe na saa. Kisha alifungua logi, yale maandishi ambayo mashine hujiandikia yenyewe kila inapofanya jambo, akalinganisha. Mara nyingi ilionekana mtu aligusa. Sasa mtu akipatia mara nyingi hivyo, nani atamshauri?

Ndipo Sista Kunigunda akampigia simu. Sista ni msimamizi wa Zahanati ya Mtakatifu Notburga, kijumba cheupe cha masista chini kule ziwani, mwendo mfupi kabla hujaingia Mbamba Bay. Programu ya kuandikisha wagonjwa pale aliiandika Ignatio mwenyewe, akaifunga kwenye mashine ndogo iliyowekwa stoo ya dawa, na kompyuta ya mapokezi na ya daktari zote zinasoma kutoka humo. Aliipenda kazi ile. Kati ya zote alizowahi kufanya, ndiyo aliyokuwa akiwaonyesha wageni.

"Fundi, wagonjwa wetu wanapotea," Sista alisema. "Mtu anakuja na kadi yake, tukitafuta namba, faili halipo. Bibi mmoja tulianza kumuuliza upya dawa zinazomdhuru, na hakumbuki."

"Yalianza lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa sita hivi."

"Na mwezi huo wa sita nani aliingia kazini?"

"Sumaiya. Binti wa mapokezi."

Ignatio akaandika. Hakuandika kwamba mwezi huo huo wa sita yeye mwenyewe aliteremka ziwani kumfundisha binti huyo kazi, na kwamba siku hiyo hiyo aliongeza kipengele kipya kwenye programu. Hilo halikumjia kabisa. Mtu wa kushuku wenzake huwa na kazi nyingi, nafasi ya kujishuku hapati.

Jumatatu alifika. Sumaiya alikuwa binti wa miaka ishirini na mitano, mtoto wa Mzee Zaidi mwenye duka la nyavu na sabuni karibu na bandari. Alimwamkia shikamoo, akampisha kwenye kiti, na kabla Ignatio hajafungua mkoba akasema, "Fundi, mimi nimeangalia sana. Hawa wanaopotea, kila mmoja ana somo wake humu humu. Jina moja, ukoo mmoja."

Ignatio akatoa daftari jeusi. Aliandika maneno yale yote, na pembeni akaongeza: *Anajitetea kabla hajaulizwa.*

Kwani jambo la majina kufanana lilikuwa na ajabu gani? Kuanzia Mbinga mpaka ziwani watu ni akina Komba, Ndunguru, Kapinga. Ukiita Komba sokoni, nusu ya soko inageuka. Aliona binti anamtupia vumbi machoni.

Siku mbili alikaa stoo, kati ya maboksi ya dripu, akisoma logi mstari kwa mstari. Faili zilizofutika zilikuwa kumi na nne. Hildegardi Kapinga. Augustino Komba. Luisa Ndunguru. Bernadi Komba. Kila moja lilifutwa asubuhi au mchana wa kazi, na kila mara mezani alikuwa mtu mmoja, Sumaiya Zaidi. Kisha akaona jambo lililomfanya asimame. Wale kumi na wanne wote walikuwa Wakristo. Akina Hamidu walikuwapo. Akina Mwanakombo walikuwapo. Waislamu mia na kitu walioandikishwa pale, hajapotea hata mmoja.

Alikaa tena taratibu. Wazo lililomjia halikuwa zuri, na alijua kwamba si zuri, lakini lilikaa sawasawa na hesabu. Kwa nini lisikae? Mashine haina udugu na mtu, alijiambia.

Jumatano alimfuata Sista mapokezi. Angeweza kuomba waende ofisini. Hakuomba, mlango ulikuwa wazi, na benchi la wagonjwa hapo nje limejaa. Alisoma orodha kwa sauti ile ile ya kuhesabia skrubu, majina kumi na manne, moja baada ya jingine. Neno la dini hakulitamka. Aliyaacha majina yajisemee, na yakajisemea.

"Sista, mimi sijafuta mtu," Sumaiya alisema.

Ilikuwa ile ile sentensi. Ignatio hakumtazama hata usoni.

"Una hakika, Fundi?" Sista aliuliza.

"Kila faili, jina lake ndilo lililo kwenye logi."

Sista Kunigunda alishika rozari yake kiunoni. Kisha akamwambia Sumaiya amalize wiki, Ijumaa akabidhi meza. Mchana wa siku hiyo habari ilikuwa imeshafika bandarini, na ilivyofika ilikuwa imenona: binti wa Zaidi anafuta Wakristo. Ignatio alipokwenda dukani kununua sabuni, Mzee Zaidi alimfungia kwenye gazeti, akamsukumia juu ya meza, salamu yake asiitikie. Ignatio alitoka akiwaza kwamba hata baba alijua.

Alfajiri ya Ijumaa aliamka na kichwa kinagonga na viungo vinauma. Mbu wa ziwani hawamjui fundi. Sista akamwambia apime malaria, lakini apite mapokezi aandikishwe kama watu wote.

Sumaiya alikuwa kwenye kiti chake, siku yake ya mwisho, kitambaa chake cha kichwani kimepigwa pasi. Ignatio hakukaa mbele ya meza wanakokaa wagonjwa. Alizunguka akasimama ubavuni kwake, mahali anapoona vidole. Binti akaelewa. Aliigeuza skrini imwelekee vizuri.

"Angalia basi, Fundi. Jina?"

"Ignatio Ndunguru."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Thelathini na moja, mwezi wa saba."

Aliandika, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi mara moja tu, akampa kadi. Ignatio hakupepesa jicho. Hakuona kosa, na akachukia kidogo kwamba hakuliona.

Hata hajaenda maabara, akaingia mzee wa Kihagara, mkulima wa muhogo, anayekuja kila mwezi kwa ajili ya presha. Kadi yake alikuwa ameifunga kwenye karatasi ya nailoni. Sumaiya akaandika namba. Akaiandika tena. Faili halikuwapo.

"Babu, jina lako nani?"

"Ignatio Ndunguru, mwanangu. Mbona unanijua?"

Sumaiya aliondoa mikono juu ya kibodi, akaiweka mapajani. Alimtazama tu Ignatio.

Ignatio aliingia stoo na homa yake. Logi ilikuwa wazi kama mchana: faili la mzee lilifutwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mezani akiwa Sumaiya. Kadi aliyoishika yeye mkononi ilitolewa saa nne na dakika kumi na mbili. Naye alikuwa amesimama pale, macho yamemtoka, akiangalia vidole ambavyo havikufuta chochote.

Logi iliandika nani yuko mezani. Nani amefuta, haikuandika. Akafungua programu yake mwenyewe, akateremka mpaka kwenye kile kipengele cha mwezi wa sita.

Alikumbuka kila kitu. Wagonjwa walikuwa wakipoteza kadi na kujiandikisha upya, mtu mmoja anakuwa na faili tatu. Basi yeye akaweka sheria: anapokuja mtu mwenye jina, ukoo na tarehe sawa na mtu aliyemo, ni yule yule amepoteza kadi, faili jipya lichukue nafasi ya lile la zamani. Mwaka wa kuzaliwa aliuacha, na aliona amefanya jambo la akili, maana wazee hawana hakika na mwaka. Ukiwauliza mara mbili unapata miaka miwili. Lakini siku na mwezi hawakosei kamwe. Siku hiyo ni ya mtakatifu wao.

Alishika tama. Kila Hildegardi amezaliwa tarehe kumi na saba Septemba. Kila Augustino, ishirini na nane Agosti. Ukishajua jina umeshajua tarehe, na koo zenyewe ni zile zile chache. Yeye, mtoto wa Kigonsera, aliyebeba jina la siku yake miaka arobaini na mitatu, aliandika sheria inayomfanya kila somo ammeze somo wake. Akina Hamidu walibaki salama kwa sababu majina yao hayafuati kalenda ya kanisa. Hapakuwa na siri nyingine.

Na hapo shetani akampitia. Kurekebisha ni mstari mmoja. Sumaiya anaondoka leo. Kuanzia Jumatatu hapotei mtu tena, na pwani yote ya ziwa itasema, mnaona? Programu itabaki nzuri, jina la fundi litabaki safi, na hakuna atakayeuliza chochote, kwa kuwa pale hakuna mwingine anayejua kusoma logi.

Alilivuta daftari jeusi ili aandike saa, kwa mazoea tu. Lilifunguka kwenye ukurasa wa Jumatatu. *Kila mmoja ana somo wake humu humu. Jina moja, ukoo mmoja.* Mwandiko wake mwenyewe. Binti alikuwa amempa jibu lote kabla hajakaa kitini, naye akaliandika kama ushahidi wa kumtia hatiani. Ignatio aliona aibu, na homa haikuhusika.

Aliirekebisha sheria. Aliwarudisha wote kumi na tano kutoka kwenye nakala za akiba, ambazo alikuwa amezitunza za kila siku kwa kutomwamini mtu. Kisha akaenda ofisini kwa Sista, mlango ukafungwa, akasema yote na daftari akaliweka mezani.

Sista alisoma ukurasa ule kwa muda mrefu. "Umemwumiza mtoto wa watu," alisema, akatuma Sumaiya aitwe.

Ignatio alimwomba msamaha akiwa amesimama. Sumaiya alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimlengalenga lakini hayakudondoka.

"Nimekusikia, Fundi," alisema. "Lakini Jumatano mlango ulikuwa wazi."

Akatoka, akarudi kwenye kiti chake.

Ignatio alimfuata mpaka mapokezi. Benchi lilikuwa limejaa kama Jumatano. Wengine walikuwa wale wale. Alisimama kwenye kizingiti, akakohoa. Akasema kwamba faili zilipotea kwa kosa la fundi, kwamba fundi ndiye yeye, na kwamba Sumaiya hakufuta mtu. Aliyasema akiangalia sakafu, na sauti ilikuwa ya mtu anayeongea na viatu vyake.

Mwisho wa benchi Bibi Hildegardi Kapinga, wa kwanza kwenye ile orodha, alimwinamia jirani yake. "Anasema nini huyo?"

Sumaiya alikuwa ameshachukua kadi ya mgonjwa anayefuata. Hakuinua kichwa.

"Rudia, Fundi," alisema. "Bibi hajasikia."

Ignatio akainua uso, akawatazama watu, akasema tena yote tangu mwanzo kwa sauti ya kufika barabarani.