Pingili Kumi na Mbili

Karani wa masjala ya mahakama yetu hapa Tabora haulizi nani alishinda kesi, anauliza mwaka. Ukishautaja, gumba lake linaanza kutembea juu ya pingili za vidole vinne, pingili moja mwaka mmoja, midomo ikicheza bila sauti. Pingili ziko kumi na mbili, na miaka ya kuomba hukumu ikazwe, yaani itekelezwe, ni hiyohiyo. Ikipita, umebaki na karatasi.

Juzi alikuja Mzee Kashindye, mkulima wa Ziba, na hukumu isiyo na hata kunyanzi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Shamba nilishinda, karatasi nikaitunza sandukuni. Jirani bado analima.”

“Ya lini?”

Mzee akataja tarehe na mwaka. Gumba likatembea taratibu, likafika pingili ya mwisho ya kidole cha mwisho, likasimama.

“Zimebaki wiki tatu!”

Karani akapiga kigelegele, palepale chini ya bango la KIMYA, hadi hakimu akachungulia mlangoni. Mkono mmoja ukaziba mdomo. Wa pili ulishamsogezea mzee fomu ya maombi. Kwenye benchi, watu saba wenye bahasha walikuwa wamefungua viganja, wanahesabu.