Jina la Babu

Nilipozaliwa nililia bila kukoma. Nyanya akafanya kama inavyofanywa kwetu Shinyalu: akanipakata, akanitajia majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa babu, nikanyamaza. Basi, ikawa babu amerudi. Bahati gani hiyo! Babu alikuwa ameuawa na ugonjwa wa sukari, macho yamezima, mguu mmoja umekatwa hospitalini.

Nyumbani kwetu waliamini kwamba anayerithi jina hurithi na ugonjwa. Kwa hiyo nikachungwa. Uji wangu haukutiwa sukari, na muwa niliuona tu kwa wenzangu. Bendera mpya ya uhuru ilipopandishwa shuleni tukagawiwa chai tamu na mkate, nyanya alikuja mwenyewe kunitoa kikombe mdomoni akampa kaka yangu. Kaka alikuwa na jina la ndugu yake babu, aliyekufa kwa kuangukiwa na mti. Yeye alikatazwa kupanda miti, basi.

Kaka akakua, akapata kazi ya ukarani mjini, akapanga chumba Amalemba na mkewe na binti yao mdogo. Kisha akaanza kukonda. Alikunywa maji, akaenda kukojoa, akarudi kunywa tena. Mimi nilikuwa nimesomewa dalili hizo tangu utotoni, nikasema wazi kwamba hii ndiyo ile ya babu. Baba alinikemea vikali. Ugonjwa ule ulikuwa wangu, vipi nilitaka kumtupia ndugu yangu? Wakasema ni husuda ya wenzake kazini, wakamnywesha mitishamba wiki baada ya wiki.

Alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Daktari akauliza kama kuna mtu katika ukoo mwenye ugonjwa wa sukari. Nyanya akaninyooshea kidole mimi, niliyesimama pale mzima kama fahali.

"Ni huyu, daktari. Huyu ndiye alipewanga jina."

Nikapimwa. Sikuwa nao. Kaka alikufa asubuhi iliyofuata.

Sijawasamehe, na sitaki kuambiwa kwamba hawakujua. Niliwaambia. Matangani wazee walikaa wakakata shauri kwamba jina la babu lisipewe mtoto yeyote tena, wakainuka wameridhika kabisa, kama watu waliomaliza kazi. Binti wa kaka alikuwa ameketi miguuni pa nyanya, ameshika kikombe cha chai iliyojaa sukari. Nikauliza ni nani atakayempeleka huyu mtoto akapimwe.

"Apimwe ya nini?" nyanya akasema. "Huyu ako na jina ya upande wa mama yake. Muache akunywe."

Nilimpokonya kile kikombe, nikamwaga chai chini. Mtoto akaangua kilio, na watu wote wa matanga wakanigeukia mimi, wakiuliza nina roho gani.