Nyota Moja Ndani ya Kamera

Fundi pancha wa Ipogolo akifungua kopo lake la solusheni, mimi huvuka barabara. Ile harufu hunirudisha uani kwetu, siku tuliyomzika mdogo wangu.

Baba alikuwa mpiga picha. Kamera yake ya mbao, kubwa kama mzinga wa nyuki, ilikuwa na ngozi ya kukunjuka kama kodiani, na vumbi la Chunya lilikuwa limeipasua. Mdogo wangu hakuwahi kupigwa picha. Kila mara baba alisema, "Nikishaitengeneza."

Siku ile aliitengeneza. Alikata kitambaa cha mwavuli mweusi wa mama, akakibandika kwenye mikunjo kwa solusheni. Kisha akaielekeza kamera juani, akanifunika kichwa kwa blanketi ili nichungulie ndani.

"Unaona nyota?"

Alimaanisha tundu linalopitisha mwanga na kuharibu picha. Niliona moja, ndogo kama punje ya ulezi.

Shangazi akatokea mlangoni. "Kaka, mchungaji anasubiri. Wanataka kufunga sanduku."

Ndani mama alikuwa analia, "Hata picha moja jamani! Hata moja!"

"Mwanangu, unaona nyota?"

"Sioni, baba."

Kwenye picha watu wote wanaonekana, hata vifungo vya koti la mchungaji. Ndani ya sanduku, penye uso, kuna doa jeupe.

Mama ameitundika sebuleni mpaka leo. Mgeni akija, huweka kidole juu ya lile doa na kusema, "Huyu ndiye mdogo wake."

Nami huenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.