Nesi Aliyehubiri Akitafuna

Mimi, Fusae Yanagisawa, ni nesi wa afya wa kijiji chetu cha milimani huku Nagano, na kazi yangu ni kuwagombeza wazee wapunguze chumvi. Nina mdomo. Nikiingia nyumbani kwa mtu naonja supu yake ya miso, ule uji wa soya wenye chumvi, bila kuombwa, kisha namwambia amepika maji ya bahari. Watu wananiogopa, na sitaficha, napenda.

Shida ni achari. Kwetu mgeni hakai bila kuwekewa chai na sahani ya majani ya nozawana yaliyolala pipani na chumvi yao. Ukikataa, umemtukana mwenye nyumba. Basi mimi huhubiri huku natafuna. Nyumba hii nawaambia wapunguze, wananiongezea. Nyumba ya pili vilevile. Jioni ulimi umenikauka na bado najiona shujaa.

Aliyenishinda ni Mzee Komiyama. Mkewe, Hisa, alianguka jikoni kwa kiharusi mwaka juzi, akafariki. Tangu hapo presha ya mzee haishuki, na dawa anazipanga kabatini bila kuzigusa. Nilimhofia kweli. Kila king'ora cha gari la wagonjwa kikilia, nilidhani ni yeye.

Alhamisi moja nikamkuta amejifunika miguu kwa blanketi la meza yenye kipasha joto chini yake, sahani iko tayari.

"Mzee, dawa umemeza?"

"Wewe nesi, kelele zako ndizo zitakazoniua. Kula kwanza."

Nikala. Nikaongeza, maana ilikuwa tamu.

"Haya, lete mkono nikupime."

"Lete wako kwanza! Unazunguka kutupapasa kama maboga ya sokoni. Wewe nani anakupima?"

Nikacheka. Nikajifunga mkanda wa mashine mkononi kwa madaha, nimwonyeshe presha ya mtaalamu inavyokaa. Mashine ikavuma, ikanyamaza. Mia moja tisini na moja. Nikaigonga. Nikapima tena, ikapanda zaidi, nadhani kwa aibu.

"Betri zimeisha," nikasema.

"Hisa naye alisema ni uchovu tu."

Nilingoja anicheke. Ningekuwa mimi, ningemtangaza kijiji kizima. Yeye akanyoosha mkono akaiondoa sahani mbele yangu. Kwetu, kumwondolea mgeni sahani ni kumfukuza. Nikainuka, uso unaniwaka, nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Unaenda wapi, mwanangu? Kaa. Achari hii bado naitia chumvi kama alivyokuwa akiitia Hisa. Yeye nimeshamzika. Wewe sikuziki."

Akaenda kabatini, akatoa kidonge, akakimeza mbele ya macho yangu. Ndicho cha kwanza tangu msiba.

"Mimi tayari. Vaa koti, twende kwa daktari ukapewe vyako."

"Mzee, nina nyumba nyingine za kutembelea..."

"Watakulisha. Vaa koti!"

Nikavaa. Tukatoka kwenye theluji, nesi mzima nalia kama mtoto, na mgonjwa wangu amenibebea mkoba.